Mkono Usio na Glavu

Jumatatu, 3 Juni. Masasi

Friza iko sawa. Nimeipima saa moja asubuhi na saa kumi jioni. Vichupa vya sampuli za wiki iliyopita nimevipanga: rafu ya juu Masasi, rafu ya chini Newala. Nesi Halima kachelewa tena. Kaleta maandazi, nikashindwa kumkasirikia.

Mikono inawasha. Kipupwe kimeanza na wakulima wanapulizia mikorosho salfa. Kila mwaka mwezi huu ngozi yangu hukumbuka kwamba hainipendi. Nimepaka mafuta mara tatu leo. Chupa ya mama imebaki nusu.

Jumatano, 5 Juni. Newala

Watoto saba. Nilikuwa peke yangu, kama kawaida. Halima ana mtoto mchanga, hapandi Newala. Kule Masasi yeye anawashika watoto na kujaza fomu, mimi nabandika. Huku juu nafanya yote.

Kazi yenyewe ndogo. Kibandiko cha duara, ukubwa wa sarafu, kwenye mkono wa mtoto upande wa ndani. Unabonyeza, unahesabu hadi kumi, unabandua kwa koleo. Kinatoka na ngozi nyembamba isiyoonekana kwa macho. Mara kumi na tano palepale. Haiumi, ila mtoto haamini.

Mkono wa kulia una glavu na koleo. Wa kushoto mtupu. Mwongozo unasema glavu mikono yote miwili, najua. Nilijaribu. Ule mpira unanitoa malengelenge. Mkono mmoja nauvumilia, miwili siwezi. Tena mtoto ukimshika kwa mpira analia. Ukimshika kwa mkono mtupu ananyamaza. Nampapasa kwanza kwa kidole gumba, pale nitakapobandika, taratibu, mpaka mabega yashuke.

Rukia wa miaka sita hangoji kubembelezwa. Ananyoosha mkono, anavidaka vidole vyangu, haviachii mpaka kibandiko cha mwisho. Ana pumu ya ngozi kama yangu, kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti. Leo kaniuliza kama na mimi pumu hii nilipewa na bibi. Nikasema labda.

Niandike ukweli, daftari ni langu. Watoto hawa wa Jumatano ndio watu pekee wanaonishika mkono.

Alhamisi, 6 Juni. Newala

Nimeamkia gesti. Ndoo moja ya maji, nioge au nifue, nichague. Nikaoga nusu.

Nilipita stendi kununua vitumbua kwa mama yake Rukia. Jana alimleta mtoto amepauka miguu na mikono, mweupe wa vumbi. Masharti yetu ndiyo hayo: siku mbili bila mafuta kabla ya kibandiko, maana tunatafuta mafuta yanayotengenezwa na ngozi yenyewe, si ya dukani. Alimfunika khanga njia nzima. Wenzake wa stendi wakamwona tu. Leo bado wanamtania, Mama Rukia, kumbe mafuta yameisha kwako? Alicheka nao. Macho hayakucheka.

Huku mtoto aliyepauka ni mtoto aliyefiwa na mama, au ambaye bora angefiwa. Mama yangu angeniruhusu nitoke bila viatu. Bila mafuta, kamwe. Nilimwambia Mama Rukia asante kwa kuvumilia. Akasema, “Kama ni dawa ya mtoto, Dokta, wacha waseme.”

Mimi si daktari, ni wa maabara. Nilipofika mara ya kwanza waliniuliza mimi ni mama nani. Nikasema Edina. Edina tu. Tangu siku hiyo wananiita Dokta. Walikuwa wanatafuta pa kuniweka.

Jumanne, 11 Juni. Masasi

Ujumbe wa Profesa, mkuu wa mradi, kutoka Dar. Majibu ya kwanza.

Nimekaa mchana kutwa najaribu kuyaandika kwa lugha ya benchi la kliniki, nipate kuwaeleza akina mama kesho. Nimefika hapa: ngozi ni ukuta. Seli ni matofali, mafuta ni udongo wa kuunganishia. Udongo huo ngozi inajitengenezea. Ndani ya kila seli kuna maagizo, ndiyo jeni, na agizo mojawapo ni la kuyarefusha mafuta. Marefu yanakaa kwa mpango, yanaziba. Sasa ngozi ikivimba kwa pumu, mwili unapiga kelele ya vita, na kelele hiyo inalinyamazisha lile agizo. Mafuta yanatoka mafupi. Udongo unabomoka, maji yanatoka, vumbi na salfa vinaingia, ngozi inavimba zaidi, kelele inaongezeka. Mtoto anajikuna.

Jeni ipo. Haikuvunjika wala hakuna aliyeiroga. Imenyamazishwa. Ningeambiwa hivi nikiwa na miaka sita ningelala vizuri zaidi.

Kwa watoto wa Masasi ndivyo ilivyo: jeni kimya, mafuta machache na mafupi. Wa Newala ni kitendawili. Jeni kimya vilevile, lakini mafuta yamejaa. Profesa ameweka alama tatu za kuuliza. Yanatoka wapi??? Anasema huenda watoto wa huko juu uwandani wana njia nyingine ya kutengeneza mafuta, ambayo hakuna aliyewahi kuiona. Anasema, “Kazi nzuri sana, Edina.”

Nimeisoma mara sita. Sina wa kumwonyesha. Nikamwonyesha Halima, akasema hongera huku ananyonyesha.

Jumatano, 12 Juni. Newala

Nimewaeleza habari ya ukuta. Wamenielewa haraka kuliko nilivyotarajia. Hapa nani hajakandika nyumba. Nikawaambia pia kwamba watoto wao huenda wana kitu cha ajabu. Nilijisikia kama mchungaji siku ya mavuno.

Mama Rukia alinyoosha mgongo. Wifi zake wanasema ugonjwa umetoka upande wake, ukoo wa damu mbaya. Akaniomba nirudie: haikuvunjika? Nikarudia. Leo amecheka na macho.

Rukia aliningojea mlangoni. Vidole vyote vitano.

Jumanne, 18 Juni. Masasi

Hakuna cha ajabu. Ni mafuta ya mbegu. Ufuta, anasema Profesa, wamepima tena. Wazazi wanawapaka watoto halafu wanawaleta. Kazi ya miezi minne ya Newala ina doa. Ujumbe umeisha na maneno mawili: “Nilikutegemea.”

Nimekasirika mpaka sikio linapiga. Nimewaeleza wale wanawake mara ngapi? Wametikisa vichwa, ndiyo Dokta, ndiyo Dokta, halafu nyumbani wakapaka, wakafuta na khanga isionekane. Kwa kuogopa maneno ya majirani!

Asiyeweza masharti atoke kwenye orodha, ndiyo amri. Aliye kwenye orodha anapata kopo la dawa ya kupaka kila mwezi, baada ya kibandiko. Aliyetoka hapati.

Jumatano, 19 Juni. Newala

Nimewafokea. Benchi zima, mbele ya watu wa kliniki nyingine. Nikauliza mmoja mmoja. Sita wakakiri. Mmoja akasema alipaka nazi kidogo. Mwingine mafuta ya mgando. Mwingine akasema sikumbuki, Dokta, ila nisamehe. Nikawasamehe. Niliona raha kuwasamehe, niseme tu.

Mama Rukia akakataa. Alianza kwa Chimakonde, nangu, nangu, anajigonga kifua, halafu akageuza Kiswahili.

“Mimi sikumpaka. Nimepita sokoni na mtoto ananing'aria uweupe, watu wananicheka, kwa sababu ulisema wewe. Leo waniita mwongo?”

Nikamwambia mashine haina sababu ya kumsingizia.

Akasema, “Basi na iniapishe hiyo mashine.”

Nikatoa fomu ya Rukia, nikaikata mstari mbele yake. Akamchukua mtoto. Rukia alikuwa ameshakunja mkono wa gauni, tayari. Akavutwa huku ameugeukia mlango.

Nimefanya kilichotakiwa. Nimelala mchana, jambo ambalo silifanyi.

Ijumaa, 21 Juni. Masasi

Kazi. Friza. Chai. Kazi.

Jumapili, 23 Juni. Masasi

Kanisani. Tulipofika kwenye kupeana amani, dada wa kushoto kwangu aliinama kidogo na kutabasamu, mikono ameifumbata. Wa kulia vivyo hivyo. Siku za korona walipata kisingizio, hawajakirudisha mpaka leo.

Siwalaumu. Mikono yangu inatisha, hasa vidole, hasa mwezi huu. Nawalaumu kidogo.

Jumatano, 26 Juni. Newala

Watoto sita. Mikono sita.

Nafasi ya Rukia pale benchi hakuna aliyeikalia. Wale wanawake sita wana adabu kupita kiasi, wananiita Dokta kila baada ya maneno matatu. Hakuna anayetania. Zamani walikuwa wananiuliza lini wanioze kwa mjomba wao wa Tandahimba.

Jioni nilimwona Rukia nyuma ya meza ya vitumbua. Amekaa juu ya dumu, anakuna kiwiko kwa kijiti cha mti, polepole, kama mtu mzima anayefikiri. Mkunjo umepasuka. Shingoni pia. Kopo lao litakuwa limeisha. Aliniona, akainua mkono. Mama yake akaushusha bila kunitazama.

Nikageuka nikapita njia ya nyuma.

Alhamisi, 27 Juni. Masasi

Niandike kwa mpangilio maana kichwa kinaruka.

Asubuhi nilitoa fomu zote za Newala, nitafute za Rukia, nizifunge kwenye faili la waliotolewa. Meza yangu iko dirishani. Nilinyanyua fomu yake ya mwezi wa nne kuisoma namba, jua likapita nyuma yake. Pembeni, kushoto, kuna doa. Karatasi pale imekuwa kama kioo. Umbo la kidole gumba.

Nikanyanyua ya pili. Lipo. Ya mtoto mwingine. Lipo, palepale. Nilizibandika dirishani moja baada ya nyingine. Zote za Newala. Kidole kilekile, kikubwa, kimepinda kidogo kulia.

Za Masasi nikazijaribu. Safi. Huku fomu hujazwa na Halima. Huku mtoto hushikwa na Halima, mikono miwili ndani ya glavu.

Nikanusa kidole changu. Ufuta.

Kila asubuhi, kabla sijafungua mlango wa nje, namimina mafuta ya mama kiganjani, napaka mikono mpaka kwenye viwiko. Tangu utoto. Sijawahi kuihesabu kwenye yale masharti. Ni kama kufunga kitambaa kichwani. Nimewakataza wanawake saba wa Newala wasiwapake watoto siku mbili, na kila Jumatano nimekwenda kwao nimejipaka mimi, nikawapapasa watoto palepale ninapobandika. Kwa kidole gumba. Taratibu.

Nazi, alisema yule. Mgando, alisema mwingine. Hakuna hata mmoja aliyetaja ufuta. Sikusikia kwa sababu sikutaka kusikia.

Mmoja tu alisema kweli na ndiye niliyemtoa.

Ijumaa, 28 Juni. Masasi

Sijamwambia mtu.

Halima kauliza mbona kimya. Nikasema jino.

Jumamosi, 29 Juni. Chiwata

Nimekuja kwa mama. Shikamoo, marahaba, umekonda, kaa. Alikuwa anachemsha ufuta uliotwangwa, anaengua mafuta kwa kijiko, kidogo kidogo, kama alivyofanya maisha yangu yote. Nilipokuwa mdogo tulikwenda hospitali ya Ndanda, tukapewa dawa ya kupaka, ikanisaidia, ikaisha. Yeye akaanza na ufuta. Haujaisha.

Alinitazama mikono akasema, “Hivi ndivyo unavyokaa mbele za watu?” Akanikalisha kwenye kigoda, akanipaka mwenyewe. Vidole kimoja kimoja. Nina miaka arobaini na mitatu.

Nikashindwa kumwambia. Mafuta haya yamemharibia kazi Profesa wa Dar na yamemtoa mtoto mmoja kwenye dawa. Ningeanzia wapi? Alikuwa anaimba wimbo wa kanisa, sauti ya tatu peke yake, bila wa kwanza wala wa pili. Nikachukua chupa mpya nikarudi.

Jumapili, 30 Juni. Masasi

Sikwenda kanisani.

Hesabu yangu ni hii. Nikinyamaza, hakuna atakayejua. Nitavaa glavu ya kushoto, nitavumilia malengelenge, majibu yatakuja safi, Profesa atasema umewadhibiti vizuri akina mama. Nitabaki na Jumatano zangu. Atakayepoteza ni Rukia na mama yake tu, ambao wameshapoteza.

Nikisema, nitaondolewa kwenye vibandiko. Hilo sina shaka nalo. Glavu ni kanuni ya kwanza, ukurasa wa kwanza. Sitashika tena mkono wa mtoto yeyote.

Naogopa. Si kazi ninayoiogopa. Naogopa wiki isiyo na Jumatano.

Mficha uchi hazai, husema mama. Mimi sikuzaa wala sikuficha vizuri.

Jumatatu, 1 Julai. Masasi

Sijapaka. Kuanzia asubuhi hii. Siku mbili, kama nilivyowaagiza.

Nimesimama mlangoni muda mrefu, nimeshika kitasa, kiganja kikavu. Nilijisikia natoka na gauni la kulalia.

Jumanne, 2 Julai. Masasi

Halima kashtuka. “Dada Edina, umefiwa?”

Mikono imekuwa ya majivu. Ukiikuna inaandika. Sokoni muuza nyanya aliweka chenji juu ya meza badala ya kunipa. Kina mama wawili walinitazama miguu, wakatazamana. Sikujua kwamba siku mbili ni ndefu hivi. Nilikuwa nasema “siku mbili tu”. Ile “tu” nilikuwa naitupia bila kufikiri.

Inauma pia. Kila kiungo kinapasuka. Nilisahau kwamba inauma.

Jumatano, 3 Julai. Newala

Nimewaambia wale sita leo hakuna kibandiko, waende nyumbani na makopo yao. Kisha nikaenda kwa Mama Rukia. Huku ukienda kuomba radhi unaongozana na mtu mzima, akusemee. Sina mtu mzima Newala. Nilikwenda mwenyewe.

Hodi. Akaitikia karibu kwa sababu karibu hanyimwi mtu. Alikuwa anapepeta mchele wa vitumbua vya kesho, hakuinuka. Nikabaki nimesimama. Nilikuwa nimeandaa maneno, ukuta, jeni, mwongozo. Yote yakaniishia. Nikasema, “Mwenye mafuta nilikuwa mimi.” Nikamweleza kuhusu kidole, fomu, dirisha, chupa ya mama. Akaendelea kupepeta mpaka nikamaliza.

“Nyani haoni kundule,” akasema.

Nikasema ndiyo.

“Uliniaibisha mbele ya watu. Hapa uani nani kakusikia? Kuku?” Akaweka ungo chini. “Useme palepale benchini. Kwa sauti ileile.”

Nikasema Jumatano ijayo nitasema. Nikageuka niondoke.

Rukia alikuwa ametoka ndani. Kiwiko kimefungwa kitambaa. Akaja mpaka kwangu, akanishika mkono, akaugeuza huku na huku. “Mama, Dokta amepauka!”

Mama yake akanitazama kwa mara ya kwanza. Mikono, kisha miguu, kisha akarudi kwenye mikono. Aliona siku mbili, naamini aliona, yeye anazijua. Akafyonza.

“Leta chupa,” alimwambia mtoto. Kisha kwangu, “Sijakusamehe. Ila hutoki kwangu hivyo, watasema Mama Rukia ana roho mbaya.”

Nazi. Rukia ndiye aliyemimina, mengi mno, yakachuruzika mpaka kwenye mkeka. Akanipaka vidole kimoja kimoja, amekaza midomo, kama anafanya kazi ya serikali. Akafika kwenye gumba, akalisugua taratibu pale pale, huku na huku, kama ninavyowafanyia wao.

Nililia.

Alhamisi, 4 Julai. Masasi

Barua kwa Profesa imekwenda saa nne asubuhi. Mistari kumi na mmoja. Sikuweka habari ya malengelenge, ingeonekana najitetea. Nimeweka picha za fomu dirishani. Nimeomba Rukia arudishwe kwenye orodha leo, si kesho.

Nimekula wali wote.

Jumanne, 9 Julai. Masasi

Jibu. Refu, la heshima, baridi.

Vipimo vya mafuta vya Newala vyote vinatupwa. Vya jeni vinabaki: agizo lililonyamazishwa ni lilelile, Masasi na uwandani. Hakuna watoto wa ajabu. Rukia amerudishwa, kopo lake liko kwenye gari la kesho. Akina mama wanaombwa radhi kwa jina la mradi. Mimi nimeondolewa kwenye kuchukua sampuli. Nitabaki na friza, namba na mafaili. Halima atapanda Newala, dada yake atamshikia mtoto. Kesho niongozane naye, nimkabidhi.

Mwisho kaandika kwamba wengi wasingesema. Nimeusoma mstari huo mara moja, ukatosha.

Jumatano, 10 Julai. Newala

Nimesema. Benchini, kwa sauti ileile. Watu wa kliniki ya pili walisogea wasikie vizuri.

Mama Rukia alikaa mwisho wa benchi, mtandio mpya, kidevu juu. Nilipomaliza akaitikia kwa kichwa mara moja, kama anayepokea mzigo wake uliokuwa umepotea. Nikawauliza wale sita, kwa nini mlikiri? Wakatazamana. Yule wa nazi akasema, “Sasa Dokta, ningebishana na wewe? Nilisema yaishe.” Wakacheka wote. Mjomba wa Tandahimba akatajwa tena.

Halima akavaa glavu, kulia na kushoto, akaanza. Ni mwepesi, ana mkono mzuri. Mtoto wa kwanza alilia kidogo akanyamaza. Niliposikia Rukia anaitwa nikatoka nje kuangalia kasha la barafu, ambalo halikuwa na haja ya kuangaliwa.

Jumanne, 16 Julai. Masasi

Friza iko sawa.

Nimepaka mafuta asubuhi, mchana na sasa. Hakuna sampuli ya kuharibiwa nayo tena. Nimemwandikia mama kwamba chupa imefika nusu.

Jumatano, 17 Julai. Masasi

Jumatano ya kwanza bila Newala. Nimefuta rafu. Nimepanga kalamu. Mchana nimekaa kwenye ngazi ya nyuma, jua liligonga mawe ya mlima mpaka yakawa mekundu.

Halima karudi jioni na kasha la barafu. Vichupa vimekaa vizuri, namba zote zipo. Anasema mkunjo wa Rukia umeanza kufunga. Anasema alinyoosha mkono mwenyewe, akatazama mlangoni, akauliza yule wa vidole hajaja? Halima akamwambia yuko Masasi analinda friza. Rukia akasema sawa.

Halima alipoondoka nikachukua fomu ya Rukia. Nikaipeleka dirishani, mwanga ulikuwa bado upo. Nikaitazama kushoto, juu, chini, nyuma. Safi. Hakuna doa popote.

Nimeiweka kwenye faili.